Maegesho yaongezeke, na mwarobaini ubaki

Mwenye jengo akisema magari hayana pa kukaa na ule mwarobaini uondoke, usimpinge kwa habari za mazingira. Mwombe wiki moja ya kuhesabu. Mpe mlinzi wa getini daftari aandike kila saa yamo magari mangapi, ya nani, yaliingia lini. Mimi nasimamia kazi za nje za majengo ya biashara hapa Dar, na daftari la mlinzi limeokoa miti mingi kuliko maneno yangu. Karibu kila mara linaonyesha magari ya wafanyakazi wa humo humo: yameingia saa moja asubuhi, yakachukua kivuli chote mbele ya mlango, hayatoki mpaka jioni. Mteja ndiye anayezunguka. Yahamishie nyuma ya jengo kabla hujaita mtu wa msumeno.

Halafu chora mistari. Pasipo mistari kila dereva anajikatia kipande chake. Gari dogo linatosha kwenye mita 2.5 kwa 5, na safu mbili zinazotazamana zinahitaji njia ya mita 6 katikati. Jumla mita 16. Ukilaza magari mshazari wa nyuzi 45 na kufanya njia ya kwenda upande mmoja tu, upana wote unashuka hadi mita 14 hivi. Tahadhari: kila gari sasa linakula mita 3.5 za urefu wa safu badala ya 2.5, kwa hiyo safu nzima itapoteza nafasi kadhaa. Unachopata ni zile mita mbili za upana, na mara nyingi ndizo zinazotosha kuongeza safu upande wa pili au kuachana na shina.

Pikipiki na bajaji ziweke chini ya mti. Ni nyepesi, na wenyewe wanapenda kivuli. Usipowapangia hapo watajipangia mlangoni.

Si kila mti unastahili vita. Mjohoro wenye shina lenye uwazi, matawi yamekauka juu, uache uende, upande mwingine mahali pazuri zaidi. Mnazi juu ya magari ni kesi inayosubiri kusikilizwa: ama mkwezi aje kuangua nazi mara kwa mara, ama magari yasikae chini yake. Na anayekwambia mti mkubwa utahamishwa tu, mwulize nani ataulipia na nani ataumwagilia. Mitende huhamishika, mti mpana wa miaka mingi ni shughuli nyingine. Nairobi mwaka 2020 walipanga kuung'oa mugumo mkubwa (mti wa jamii ya mkuyu) wa barabara ya Waiyaki Way kupisha barabara ya juu. Watu wakapaza sauti, Rais Uhuru Kenyatta akaamuru ubaki, na barabara ikajengwa vilevile. Ukiamua kukata, pita kwanza kwa afisa mazingira wa halmashauri uulizie kibali.

Sasa mizizi, maana hapo ndipo miti inapouawa. Watu wanadhani mizizi imeshuka chini kama nguzo. Iliyo mingi imo kwenye sentimita 60 za juu, imetambaa kupita hata mwisho wa matawi. Chukua kamba, zungushia shina usawa wa kifua, ikate hapo zilipokutana ncha. Ipime mara nne kutoka kwenye shina kwenda nje: shina lenye mzingo wa mita 1.9 linakupa mita 7.6. Zungusha chokaa kwa umbali huo. Ndani ya duara hilo kijiko cha kuchimbia hakiingii, greda haligusi, kifusi hakimwagwi, na mashine ya zege haioshwi. Zungushia mabati siku ile kabla mitambo haijafika, maana dereva wa roli haoni chokaa.

Ukilazimika kuegesha magari ndani ya duara, usichimbe. Ng'oa nyasi kwa mkono, tandika kitambaa cha kutenganisha udongo, mwaga kokoto safi za milimita 20 zisizo na vumbi, kisha panga vitofali vya paving ukiacha nafasi kati yake, ujaze kokoto ndogo. Usiweke moramu, ule udongo wa changarawe wa barabarani, hapo. Moramu ikishindiliwa inafunga, na mzizi unahitaji hewa sawa na maji. Fundi atataka kujaza saruji kwenye nafasi ili ipendeze, mkatalie. Faida yake utaiona masika, maji yanazama pale pale badala ya kukimbilia dukani. Kuzunguka shina acha udongo wazi, angalau mita moja kila upande, na funga zege la kuzuia matairi ili mtu asirudi nyuma akagonga gome.

Mtaro wa nyaya au bomba ukilazimika kupita hapo, chimbeni kwa mkono. Mzizi mwembamba kuliko kidole gumba ukateni kwa msumeno, ukatike safi. Ulio mnene zaidi, pitisheni bomba chini yake.

Haya yote yaandikwe kwenye mkataba wa mkandarasi, kila mti na bei yake. Mzizi ukikatwa leo, mti unaweza kuonekana mzima mwaka huu na ujao, kisha ukaanza kukauka kileleni wakati mkandarasi keshalipwa zote. Kwa hiyo nasisitiza fedha ya matazamio, ile sehemu ya malipo ya mkandarasi inayozuiliwa, isitoke mpaka nimepita mwenyewe kuangalia matawi ya juu, na kiangazi cha kwanza mtunza bustani amwagilie ukingoni mwa duara, si kwenye shina.