Gari yako ya haibridi inapaki miezi? Fanya hivi betri isife

Wakuu, hii ni kwa wote wenye Toyota Aqua, Prius, Axio haibridi (zinazotumia injini ya petroli pamoja na mota ya umeme) na ndugu zake, hasa nyie mnaosafiri. Mtu anaenda masomoni miezi minne, mwingine yuko Muscat kikazi, mwingine amelazwa au anauguza, gari inabaki uani kwa shemeji imefunikwa turubai. Anarudi anabonyeza rimoti, kimya. Anaita fundi wa karibu, fundi anachungulia tu anasema "betri ya haibridi hiyo imekwisha" na anataja bei ya mamilioni, na mwenye gari kwa sababu hajui anaanza kutafuta hela. Inaniuma sana hii kitu kwa sababu mara nyingi kilichokufa ni kibetri kidogo cha kawaida ambacho kingebaki kizima kwa kazi ya saa moja tu kwa wiki.

Tuanze hapo kwenye betri. Gari hizi zina betri mbili. Kuna ile kubwa inayosukuma gari, kwenye Aqua ni volti 144, kwenye Prius ya pili na ya tatu ni volti 201.6, hiyo ndo watu wanaiogopa. Alafu kuna ndogo ya volti 12 kama ya gari yoyote, ila imefichwa, kwenye Aqua iko chini ya siti ya nyuma, kwenye Prius hizo nilizotaja iko kwenye buti upande wa kulia. Hii ndogo haizungushi injini kabisa, kazi yake ni kuamsha kompyuta za gari na kufunga swichi kubwa zinazoruhusu umeme wa ile betri kubwa upite. Sasa ikiisha chaji hata kama betri kubwa imejaa pomoni gari haiwaki, maana hamna wa kuifungulia mlango.

Na inaisha kirahisi kwa sababu ni ndogo kweli, nyingi ziko kwenye ampia-saa (Ah) 35 mpaka 45. Gari ikiwa imezimwa bado inanyonya umeme kidogo kidogo, kuna alamu, kuna saa, kuna ule mfumo unaosikilizia kama funguo iko karibu. Chukua mfano inanyonya miliampia 50, ukizidisha kwa masaa 24 ni ampia-saa 1.2 kila siku, kwahiyo betri ya 35 ikiwa mpya na imejaa kabisa inakauka ndani ya mwezi mmoja, na gari inagoma kuwaka kabla hata haijafika huko. Betri yako ikiwa na miaka minne tayari usitegemee mwezi. Ukiwa na traka (kifaa cha kufuatilia gari ilipo), na gari nyingi za mkopo zinafungwa traka, muda unapungua zaidi. Redio kubwa iliyofungwa mtaani na kamera ya kwenye kioo nazo zinakula, fundi umeme akizifunga vibaya zinakula usiku kucha.

Dawa ya kwanza na rahisi kuliko zote ni kuiweka gari READY. Mwaka 2020 watu walivyofungiwa ndani kwa korona Toyota waliwaambia wateja wao wa Uingereza hivyo hivyo, kama saa moja, angalau mara moja kwa wiki. Fanya hivi: gari iwe nje au sehemu yenye hewa, handibreki imevutwa, gia iko P. Kanyaga breki vizuri mpaka chini, bonyeza pawa mara moja, subiri. Angalia dashibodi mpaka litokee neno READY la kijani, kwenye baadhi ya gari linapepesa kwanza alafu linatulia, likitulia basi kazi imeanza. Hapo toa mguu, zima taa, zima feni na AC, zima redio, iache.

Injini itawaka yenyewe, itazima yenyewe, itawaka tena. Hapa ndo walinzi na wadogo zetu wanachanganyikiwa, wanaona injini imezima wanajua gari imezimika wanabonyeza pawa tena wanaondoka. Waambie wazi kwamba gari ikiwa kimya bado inachaji. Kwenye hizi gari hamna alteneta (ile inayochaji betri kwenye gari za kawaida), betri ndogo inachajiwa na betri kubwa kupitia kifaa kinachoshusha volti, na kinafanya kazi muda wote READY ikiwa inaonekana, injini iwe inaunguruma au imenyamaza. Ukiwa na mita ya kupimia volti shika temino za betri wakati huo, utaona namba imepanda karibu 14 au zaidi kidogo, na dakika moja kabla ilikuwa 12 na kitu. Ukishaiona hiyo mwenyewe hutasahau.

Makosa yapo mengi ila matatu ndo yanaua betri. La kwanza ni kubonyeza pawa bila kukanyaga breki, redio inapiga, akibonyeza tena taa za dashibodi zinawaka, mtu anaona gari imewaka kumbe iko ACC au ON (umeme wa vifaa tu) na haichaji chochote, inamaliza hata kile kilichobaki. Kama huoni neno READY hujawasha gari. La pili ni kuiacha kwenye N (nyutro), ukiwa N injini haichaji betri kubwa, kwahiyo ukikaa muda mrefu unaishusha, weka P. La tatu ni dakika tano, watu wanapenda sana kuwasha dakika tano asubuhi wanasema "nimeipasha", hizo dakika hazirudishi hata kilicholiwa wiki nzima, bora saa moja Jumamosi kuliko dakika tano kila siku.

Na tafadhali sana, usifanye hii kazi ndani ya gereji iliyofungwa. Injini inaweza kuwaka wakati wowote bila kukuuliza na ule moshi unaua bila harufu ya kukushtua. Alafu hakikisha kuna mafuta ya kutosha, robo tanki iwe ndo mwisho wa kushuka, maana wese likiisha injini haiwezi kuchaji betri kubwa na hapo ndo utaingia kwenye yale mamilioni kweli.

Sasa unamwachia nani? Hili ndo swali kubwa kwa wasafiri kuliko la ufundi. Kama kuna mtu unayemwamini anajua kuendesha, mwambie asiishie kuiwasha tu, aitoe barabarani nusu saa. Mrekodie video fupi ya simu ukionyesha mguu kwenye breki, kidole kwenye pawa, READY ikitokea, alafu namna ya kuzima, umtumie. Na kikaratasi kimoja ubandike kwenye usukani: BREKI, PAWA, READY, SAA MOJA, ZIMA. Funguo ikae ndani ya nyumba mbali na gari, sio kwenye kiti, sio kwenye ndoano ya ukutani hatua mbili kutoka kwenye bampa, maana gari na funguo zikiwa karibu zinaendelea kuitana na zote mbili zinamaliza betri.

Kama hamna wa kumwachia na unaondoka zaidi ya wiki tatu hivi, chomoa waya wa hasi wa betri ndogo, ule mweusi. Spana namba 10 inatosha. Zima gari kabisa, subiri dakika chache mifumo ilale, legeza nati, toa waya, ufunge na kitambaa usigusane na temino. Ila kabla hujafanya hivyo sikiliza hapa vizuri, hasa wa Prius: buti yake inafunguka kwa umeme. Ukichomoa betri iliyo ndani ya buti alafu ukafunga buti umejifungia, itabidi urudi kutambaa kwa ndani kutafuta sehemu ya dharura ya kuifungulia. Kwahiyo panga kabisa utafungaje na utafunguaje, na hakikisha ile funguo ya chuma iliyojificha ndani ya rimoti unaijua inavyotoka, maana mlango wa dereva utaufungua kwa hiyo. Ukirudi saa itakuwa imepotea na vioo vya umeme vinaweza kuhitaji kusetiwa upya, sio tatizo. Tatizo ni kwamba alamu na traka navyo vinakufa (traka zenye betri ya ndani zinaishi siku chache tu), kwahiyo kama gari ina mkopo waambie wenye traka kwanza, wasije wakadhani umeitorosha.

Chaja ni nzuri pia kama umeme upo karibu na gari. Tafuta chaja ya kisasa inayojizima yenyewe na yenye sehemu ya kuchagua AGM, kwa sababu betri nyingi za hizi gari ni aina hiyo, zimefungwa kabisa na zina mrija wa kutolea hewa nje kwa vile zinakaa ndani na watu. Chaji ya taratibu, ampia 5 kushuka chini. Yale machaja makubwa ya gereji wanayopigia betri za malori yaache, yanaipikia ndani. Na kuchomeka chaja ndogo au sola kwenye tundu la sigara hakusaidii, gari ikizimwa lile tundu nalo limekatwa, lazima ufunge moja kwa moja kwenye betri.

Betri kubwa nayo inashuka yenyewe ikikaa, na joto la Dar linaiharakisha, ila taratibu zaidi. Kitabu cha Toyota kinasema gari iendeshwe angalau mara moja kila baada ya miezi michache, nusu saa au kilomita 16. Kabla ya kupaki hakikisha mita yake iko katikati au juu kidogo, usiiache ikiwa vijiti viwili. Paki kivulini. Kumbuka kuchomoa ile ndogo hakuizuii hii kubwa kushuka, kwahiyo mwaka mzima bila mtu kuigusa sio sawa, tafuta mtu hata kwa kumlipa. Na zile nyaya za rangi ya chungwa usiziguse, hizo volti zinaua.

Umerudi umekuta imekufa? Usikubali kauli ya betri ya haibridi kabla ya kupima ndogo. Volti 12.6 kwenda juu iko vizuri, 12.2 iko nusu, chini ya 12 imekauka. Kubusti (kuiwasha kwa umeme wa gari nyingine) inawezekana. Kwenye Prius na Aqua fungua boneti, ndani ya boksi la fyuzi kuna temino maalumu ya chanya yenye kifuniko chekundu, hapo ndo unabana waya mwekundu, mweusi unabana kwenye chuma kisicho na rangi mbali na hapo. Angalia mara mbili chanya na hasi, ukizikosea utaunguza vifaa ambavyo bei yake ni kubwa kuliko betri mara nyingi. Chukua umeme kwenye gari ndogo ya volti 12, usikubali Fuso wala Scania, yale ni volti 24. Na usiitoe haibridi yako kubusti gari ya jirani yenye injini kubwa, kibetri chake hakijatengenezwa kwa kazi hiyo.

Ikishawaka READY toa nyaya, iache saa nzima au endesha, na usiku uiweke kwenye chaja ya taratibu kama unayo, maana iliyokauka kabisa haijai kwa safari moja. Ikifa tena baada ya siku mbili tatu badilisha, na ununue ya aina ile ile yenye sehemu ya mrija, sio yoyote inayoingia. Kama volti ya ndogo iko sawa na READY bado inagoma, au inatokea alafu taa ya onyo ya pembetatu inawaka, acha kubonyeza bonyeza, tafuta fundi mwenye mashine ya kusoma na umwambie akuonyeshe namba ya kosa kwenye kioo kabla hajafungua kitu chochote.