Kumjua kamba dume, jike, na yule mwenye jinsia zote mbili

Hapa Mombasa ukimuuliza mtu dume ni yupi, wengi watakuokotea yule mkubwa zaidi kwenye beseni. Sivyo, kwa kamba wa sokoni jike ndiye anayekuwa mkubwa, lakini saizi peke yake haitoshi, lazima umgeuze umtazame tumboni.

Hatua ya 1: jua kwanza ni jamii gani
Tafuta kamba mzima, hajatolewa kichwa, asubuhi kabla hajalainika. Mlaze ubavu uangalie pingili za mkiani. Gamba la pingili ya pili likifunikwa na la kwanza, kama vigae, huyo ni kamba wetu wa kawaida, taiga au mweupe. Likifunika la kwanza na la tatu pia, ni jamii nyingine, ile inayobeba mayai chini ya tumbo. Usiruke hapa jamani, ukikosea hii zilizobaki zote zitakudanganya.

Hatua ya 2: kamba wa kawaida
Mgeuze. Miguu ya kutembelea ni jozi 5, baada ya hapo inaanza ya kuogelea. Dume, ile jozi ya kwanza ya kuogelea imeunganishwa katikati na kiungo kinaitwa petasma, ndicho cha kupitishia mbegu. Jike hana hicho, yeye ana kisahani katikati ya miguu ya mwisho ya kutembelea, thelikamu, na taiga jike anapandwa akiwa ametoka tu kujivua gamba, bado laini, halafu anaziweka zile mbegu mle mpaka siku ya kutaga. Sasa mwinue kwenye mwanga wa tochi. Kamstari kembamba keusi mgongoni ni utumbo, lakini ukiona mkanda mpana wa kijani kutoka kichwani mpaka mkiani hiyo ni ovari, yaani mfuko wa mayai, imeiva, huyo alikuwa karibu kuyaachia mayai baharini, na mimi roho inaniuma nikimuona kwenye mizani.

Hatua ya 3: kamba wa tangi la kufugia samaki wa mapambo, wa ile jamii nyingine
Yule mwekundu mwenye mstari mweupe mgongoni, Lysmata amboinensis, anayesafisha mikunga na chewa kwenye matumbawe. Kwake usihangaike kutafuta dume na jike. Anaanza maisha dume, akikua anaongeza ovari na korodani anabaki nazo, mbele mayai nyuma mbegu, ila hawezi kujipandisha mwenyewe, kwa hivyo weka wawili, wowote wale mradi wamekomaa. Atakayejivua gamba ndiye jike zamu hiyo, mwenzake anampa mbegu, baada ya saa chache unaona mayai ya kijani chini ya tumbo. Mwenzake naye akijivua, zamu inageuka. Wale wa bahari baridi za kaskazini, Pandalus borealis, ni tofauti, wanaanza madume wanageuka majike moja kwa moja.

Hatua ya 4: mabuu
Mayai ya huyu wa tangi yakikaribia kuanguliwa utaona vijicho ndani. Mabuu, yaani watoto wachanga, wanatoka giza likishaingia, kwa hivyo zima filta mapema wasinyonywe, mulika tochi kona moja, wakijikusanya pale uwachote polepole na kikombe, wavu unawavunja.