Kukadiria uchovu wa vipuri vya helikopta kwa data za safari

Uchovu hapa ni kudhoofika kwa kipuri kwa mizigo inayojirudia, hadi kinapasuka. Hatua ya kwanza ni kuamua kompyuta ijifunze nini kutokana na data za safari. Wengi hutaka itaje moja kwa moja saa zilizobaki kabla kipuri hakijapasuka, lakini vipuri vya rota (mapanga yanayozunguka na sehemu zinazoyashika) huondolewa kazini mapema, kwa hiyo mifano ya nyufa ya kujifunzia ni haba. Mimi huifundisha kukadiria mzigo tu, na uchovu wenyewe nikauhesabu kwa kanuni za uhandisi.

Pili, tafuta safari za majaribio ambazo vipima mkazo vilibandikwa kwenye kipuri chenyewe, huku kasi, mwinuko, uzito, torki (nguvu ya kuzungusha) ya injini na mkao wa usukani vikirekodiwa kwa pamoja. Majaribio ya helikopta ya kijeshi ya Black Hawk yaliyofanywa na Australia na Marekani mwaka 2000 yalikuwa ya aina hiyo.

Tatu, sawazisha muda wa rekodi zote ili zioane. Rota kuu ya Black Hawk huzunguka mara 258 kwa dakika, yaani zaidi ya mara 15,000 kwa saa, ilhali data za kawaida huenda zikarekodiwa mara chache tu kwa sekunde; basi usihangaike kuchora kila wimbi, bali kadiria kilele na bonde (mzigo wa juu na wa chini kabisa) la kila mzunguko wa rota.

Nne, tenga data za kupimia kwa safari nzima nzima. Niliwahi kuweka mistari ya data ya safari moja upande wa kufundishia na wa kupimia pia, nikafurahia matokeo mazuri mno ambayo yalikuwa ni kukariri tu. Kwa kufundishia, msitu wa miti ya maamuzi (mbinu inayounganisha makadirio ya miti mingi ya maswali) unatosha kuanzia.

Tano, na hapa ndipo penye kazi, hesabu mizunguko ya mzigo, yaani kupanda na kushuka kwake, kwa mbinu ya Matsuishi na Endo ya mwaka 1968, kisha jumlisha madhara, yaani sehemu ya uhai wa kipuri inayoliwa na kila mzunguko, kwa kanuni ya Palmgren na Miner. Upime mfumo wako kwa madhara hayo, wala si kwa wastani wa makosa ya mzigo: ikiwa madhara hukua kwa kipeo cha 8 cha mzigo, kukadiria mzigo pungufu kwa asilimia 10 tu hukupa madhara yasiyofika nusu ya yale halisi. Kwa sababu hiyo mimi huadhibu zaidi makadirio ya chini, hasa katika kona kali na upandaji wa ghafla.

Safari ikitoka nje ya mipaka ya data ulizofundishia, acha makadirio ya kompyuta na uihesabie safari hiyo saa zake zote katika ukomo wa saa uliowekwa na mtengenezaji.