Mzee Anapozidiwa na Pombe: Kumtambua na Kumsaidia Aache Salama

Mzee akianguka bafuni, akasahau alikoweka fedha, akakosa usingizi na kukataa ugali, nyumbani husema ni umri. Huenda ni gongo. Mwili wa mzee una maji machache kuliko wa kijana, hivyo bia mbili alizozizoea akiwa na miaka 40 humlevya zaidi akiwa na 70.

Anzeni na mfuko wa dawa, mtoe kila kitu. Glibenclamide ya kisukari ikikutana na pombe bila chakula hushusha sukari vibaya. Diclofenac ya magoti huongeza hatari ya kuvuja damu tumboni. Diazepam ya usingizi ikichanganywa na pombe yaweza kukata pumzi, na ikinywewa kila usiku kwa wiki kadhaa huleta uteja wake yenyewe.

Kisha muulize faragha, si mbele ya wajukuu. Baada ya shikamoo: "Babu, umewahi kuona upunguze? Watu wakikusema juu ya pombe, unaudhika? Hujuta baada ya kunywa? Asubuhi huzimua kwanza ndipo mikono itulie?" Ndiyo mbili zatosha kumpeleka kwa daktari; kwa mzee, hata moja tusiipuuze. Ulizeni pia anakunywea chombo gani. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu 20 hivi za kilevi. Gongo haina kipimo, kila mpishi na ukali wake.

Sasa jambo linaloua: msimfungie ndani wala kuimwaga pombe yake ghafla. Kwa anayekunywa kila siku, kutetemeka huanza saa 6 hadi 24 baada ya glasi ya mwisho, degedege huweza kuja ndani ya saa 48, na kuweweseka siku ya pili hadi ya nne. Kama yuko Ukerewe au kisiwa kingine, asianze kuacha kabla hamjamfikisha karibu na hospitali; usiku degedege haisubiri meli ya asubuhi. Jijini Mwanza, hospitali ya Bugando ina huduma ya afya ya akili.

Mkifika, mwambieni mhudumu waziwazi kwamba anakunywa kila siku. Watu huficha kwa aibu, naye akiwekewa dripu ya sukari kabla ya thiamine (vitamini B1) ubongo waweza kudhurika. Dawa ya kutuliza arosto (dalili hizo za kuacha pombe) hupangwa na daktari, kwa dozi ndogo kuliko ya kijana, ikipunguzwa siku hadi siku. Msijinunulie duka la dawa.

Akirudi nyumbani, wekeni mtu wa kukaa naye saa zile za kilabuni, na uji kabla giza halijaingia. Akirudia kunywa, mrudisheni kliniki wiki hiyo hiyo, bila kumgombeza.