Namna ya kufungua uongozi wa klabu ya michezo: anza na katiba na saa ya kikao

Kabla ya kumtafuta mwanamke, kijana au mtu mwenye ulemavu wa kuingia katika kamati ya utendaji ya klabu yako, chukua katiba ya klabu pamoja na mihtasari ya vikao vya miaka mitatu iliyopita, ukae navyo mezani jioni moja. Utakachokuwa unakitafuta ni vitu vitatu: sifa anazotakiwa kuwa nazo mgombea, gharama ya fomu, na mahali na saa ambazo vikao vimekuwa vikifanyika.

Nilifanya hivyo katika klabu moja ya riadha mjini Moshi nilipokuwa katibu wake, na nikakuta kifungu kinachosema kwamba anayegombea nafasi ya juu sharti awe ametumikia kamati kwa kipindi kimoja kamili. Kilionekana kifungu cha busara, na hakuna aliyekiandika kwa nia mbaya. Lakini kwa kuwa kamati ya kwanza ilikuwa ya wanaume watupu, wengi wao wakiwa wamesoma shule moja, maana yake ilikuwa kwamba wangeendelea kuachiana viti wao kwa wao. Vikao navyo vilikuwa vikianza saa moja usiku katika baa yenye ngazi nyembamba ya kupanda ghorofani. Mwanariadha wa kike anayekaa Uru, ambaye daladala za kwao huadimika giza likiingia, hakuhitaji kukatazwa na mtu. Ratiba ilikuwa imekwisha kumkatalia.

Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza kurekebisha ni kikao chenyewe, kwani hakihitaji kura ya mkutano mkuu. Kaskazini mwa nchi hii wiki ina mitego yake: Ijumaa mchana Waislamu wako msikitini, Jumamosi Wasabato hawafanyi shughuli za namna hiyo, na wajumbe wanaotoka upande wa Upareni mara nyingi ni Wasabato, ilhali Jumapili asubuhi Walutheri na Wakatoliki wako ibadani. Sisi tuliishia Jumapili saa tisa alasiri, katika darasa la shule ya msingi lililo usawa wa ardhi, karibu na njia ya daladala, na tukakubaliana kwamba kikao kisizidi saa mbili. Mjumbe arudishiwe nauli yake halisi siku hiyohiyo, kwa sababu anayesafiri kutoka Monduli au Karatu kwenda Arusha mjini kwa fedha zake atahudhuria mara mbili, na ya tatu atatoa udhuru. Kikao kiendeshwe kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Utani wa Kichaga hunogesha mazungumzo, lakini hoja inapojadiliwa kwa Kimachame wakati mjumbe mmoja ni Mwiraqw, mjumbe huyo amefungiwa nje akiwa ameketi ndani.

Baada ya hapo ndipo uende kwenye katiba. Pendekeza kifungu chenye idadi na tarehe, kwa maana maneno kama “kadiri itakavyowezekana” hayajawahi kumpa mtu kiti. Historia ya michezo duniani inalithibitisha hilo. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliundwa mwaka 1894, lakini wanawake wa kwanza kuwa wajumbe wake, Flor Isava Fonseca na Pirjo Häggman, waliingia mwaka 1981, na rais wa kwanza mwanamke, Kirsty Coventry wa Zimbabwe, alichaguliwa mwaka 2025. Shirikisho la riadha la dunia lilichagua kuandika: katika mageuzi yake liliweka sharti kwamba kufikia mwaka 2027 wanawake wawe nusu ya Baraza lake, na mwaka 2019 Ximena Restrepo, mzaliwa wa Colombia, akawa makamu wa rais wa kwanza mwanamke.

Kwa kamati ya watu tisa, kifungu kinaweza kusomeka hivi: “Wajumbe wa kila jinsia hawatapungua watatu, na angalau nafasi moja kati ya Mwenyekiti, Katibu na Mweka Hazina itashikwa na mwanamke.” Ongeza ukomo wa vipindi viwili, ufute sharti la uzoefu ndani ya kamati, na ukubali uzoefu wa nje, kama vile kuendesha SACCOS, kusimamia darasa au kutunza vitabu vya kikundi cha kina mama. Pelekeni mabadiliko hayo mwaka mmoja kabla ya uchaguzi. Yakija miezi miwili kabla, wanachama wataamini yametungwa kwa ajili ya mtu fulani, na huenda wakawa sahihi. Klabu iliyosajiliwa haina budi pia kuyawasilisha kwa Msajili wa vyama na vilabu vya michezo, na Ofisa Michezo wa wilaya ndiye wa kumwona mapema kuhusu utaratibu huo.

Nisisitize hiyo sehemu ya nafasi za juu, maana hapo ndipo klabu nyingi hujidanganya. Viti maalumu tumevizoea kutoka Bungeni, na vimefungua milango, lakini nafasi ya “mwakilishi wa wanawake” katika klabu ndogo mara nyingi hugeuka kuwa kiti cha kuulizwa habari za jezi za wasichana na chakula cha wageni. Katika kikao chake cha kwanza, mjumbe wetu mpya aliambiwa na mwenyekiti kwamba “mama atatusaidia mambo ya chai.” Alinyamaza, akafungua daftari lake, na taarifa ya fedha ilipowasilishwa akauliza risiti za usafiri wa mashindano yaliyopita ziko wapi. Hazikuwapo. Mwaka uliofuata akawa mweka hazina na mmoja wa watia saini benki, na suala la chai likahamia kwa mjumbe aliyekaa karibu na mlango.

Kuhusu watu wenye ulemavu, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inawahusu moja kwa moja, lakini utekelezaji katika klabu huanza kwa kumuuliza mhusika anahitaji nini badala ya kumkadiria. Kiziwi atahitaji mkalimani wa lugha ya alama, na gharama hiyo iwekwe katika bajeti ya mwaka badala ya kuchangishwa siku ya kikao. Asiyeona anaweza kusoma muhtasari kwa simu inayotamka maandishi, ili mradi umemtumia maandishi yenyewe. Ukipiga picha ya karatasi na kuitupa kwenye kundi la WhatsApp, simu yake mara nyingi haitakuwa na cha kusoma.

Wanariadha nao wachague mwakilishi wao wenyewe, kwa kura ya siri, bila kocha kuwapo chumbani. Filbert Bayi, mwana wa Karatu aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974, alikuja kuwa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania kwa miaka mingi, kwa hiyo njia ya kutoka uwanjani kwenda ofisini ipo. Ni vyema tu isimlazimu kijana kusubiri mpaka astaafu mbio ndipo asikilizwe.

Pawepo pia kanuni ya maadili na mtu wa kupokea malalamiko asiye kocha wala mwenyekiti, kwa kuwa wanawake wengi hukacha fomu wakihofia kashfa kuliko kushindwa.

Mwisho, mpe katibu kazi ndogo: katika kila muhtasari aandike jina la aliyetoa hoja na la aliyeiunga mkono. Mwezi mmoja kabla ya mkutano mkuu ahesabu hoja zilizopitishwa zimetoka kwa akina nani, kisha abandike orodha hiyo kwenye ubao wa matangazo, pembeni ya taarifa ya fedha.