Kabla hujasema "faili letu ni la fomati ya wazi": mambo ya kuzingatia

Watu wengi wakishahifadhi hati kwa .odt (ya LibreOffice) au .docx (ya Word) huona kazi imekwisha. Wameambiwa fomati ni ya wazi, yaani kanuni zake zimechapishwa na programu yoyote inaweza kuzifuata, ina namba ya ISO (shirika la kimataifa la viwango), kwa hiyo siku wakiamua kuhama programu hati zitahama nao. Nami niliamini hivyo. Kiwango cha fomati hukueleza sanduku limeundwaje. Vitu vilivyotiwa ndani ya sanduku vinaweza kuwa na kufuli zake, na kufuli hizo huzioni mpaka siku unapohitaji kufungua. Fuata haya kabla hati hazijawa nyingi.

Nianze na mepesi. Kiendelezi cha jina la faili hakithibitishi chochote, kwa hiyo usikague kwa kutazama jina. Faili la .gdoc ulilonalo kwenye kompyuta halina maandishi yako ndani yake. Ni kiungo tu cha kwenda kwenye seva, na akaunti ikifungwa umebaki na karatasi tupu. Faili la .docx lililowekewa nenosiri halihifadhiwi tena kama ZIP ya kawaida (kifurushi cha mafaili kadhaa ndani ya faili moja), hufungashwa ndani ya kasha jingine, kwa hiyo usiweke nenosiri kwenye nakala ya kumbukumbu. Ukitaka siri, ilinde diski au folda.

Fonti nazo. Hati iliyopangwa kwa Calibri ikifika kwenye kompyuta isiyo nayo hupewa fonti nyingine, na kama upana wa herufi hauwiani, mistari inasogea na jedwali lililokuwa ukurasa wa 9 linaangukia wa 10. Carlito ina upana ule ule wa Calibri, na Liberation Serif ina upana wa Times New Roman. Chagua fonti ambayo mtu yeyote anaweza kuipata bila kununua, au ipachike ndani ya hati, leseni yake ikiruhusu.

Sasa lile lililoniumiza: vitu vilivyopachikwa.

Nilikabidhiwa mwongozo wa matengenezo ya mtandao wa maji, kurasa karibu 180, michoro 31 ya mabomba na vali. Mimi ndiye niliyeshikilia kwamba tuuhifadhi kwa ODF, fomati ambayo .odt ni sehemu yake, na nilisema kweli kuhusu kiwango chenyewe: OASIS, muungano wa kutunga viwango, waliupitisha mwaka 2005, ukawa ISO/IEC 26300 mwaka 2006, na programu kadhaa zisizohusiana huusoma na kuuandika. Nikageuza sura zote kuwa .odt. Nikafungua kila moja, nikapitia ukurasa kwa ukurasa, michoro ipo. Nikachapisha nakala mbili, zikatoka safi kabisa. Nikaandika kwenye taarifa ya makabidhiano kwamba mwongozo wote uko kwenye fomati ya wazi.

Miaka minne baadaye vali moja ikahamishwa, na fundi mkuu akaja na karatasi yenye alama ya kalamu nyekundu: rekebisha mchoro wa 14. Nikabofya mchoro mara mbili. Ukatoka ujumbe kwamba programu ya kufungulia kitu hiki haipatikani. Michoro ile ilichorwa na mkandarasi kwa programu yake ya kulipia, akainakili na kuibandika kwenye hati. Programu yenyewe sijawahi kuwa nayo, na leseni yake mkandarasi alikuwa ameacha kuilipia.

Nikatengeneza nakala ya faili, nikabadilisha kiendelezi kuwa .zip, nikaifungua. Maandishi yote yalikuwa kwenye content.xml, yanasomeka vizuri. Pembeni kulikuwa na kitu kinachoitwa Object 14, kilobaiti mia kadhaa, na folda iitwayo ObjectReplacements yenye picha ya mchoro ule ule. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nakiona miaka yote minne. Nilikuwa natazama picha ya mchoro. Mchoro wenyewe ulikuwa ndani ya Object 14, kwa lugha ya programu moja tu. Nikalifungua kwa kihariri cha maandishi, zikajaa alama zisizosomeka, na katikati yake nikaona neno VALI, kila herufi imetenganishwa na mwenzake kwa nafasi tupu. Jina la kitu ninachokitafuta lilikuwa pale, mbele ya macho yangu, nami siwezi kulishika.

Hilo lingevumilika, maana picha unaweza kuchora upya juu yake. Lakini michoro saba ilikuwa na karatasi zaidi ya moja, na picha ya ObjectReplacements huonyesha ile tu iliyokuwa mbele wakati wa kuibandika. Majedwali ya kina cha mabomba yalikuwa kwenye karatasi ya pili. Nakala zangu mbili zilizochapishwa zilitokana na picha zile zile, kwa hiyo nazo hazikuwa nayo. Mafundi walirudi na sululu kufukua na kupima upya, nasi ofisini tukachora michoro yote 31 upya. Wiki sita. Mtu mmoja aliteleza kwenye shimo akateguka kifundo cha mguu, kwa ajili ya namba ambazo tulikuwa nazo tayari ndani ya faili.

Kwa hiyo, fanya hivi bila kuahirisha. Kila hati unayoitegemea, fungua nakala yake kama ZIP. Kwenye .odt tafuta vitu vyenye majina kama Object 1 ambavyo si folda yenye XML (maandishi yenye alama za mpangilio) ndani, kwenye .docx angalia folda ya word/embeddings, na ukikuta oleObject1.bin jua kuna kitu cha programu nyingine humo. Kwenye .xlsx (malahajedwali ya Excel) na .docx kuna pia vbaProject.bin iwapo faili limewahi kuwa na makro (programu ndogo zinazokaa ndani ya hati) na mtu akabadilisha jina la faili kiholela. Faili lolote la .bin liulizie: ni la nani, nani anaweza kulisoma, chanzo chake kiko wapi? Mchoro wowote wa maana uhifadhi pia peke yake kwa SVG, fomati ya michoro iliyo kiwango cha W3C (shirika la viwango vya wavuti) tangu 2001, uuweke kwenye folda ile ile na hati. Mkandarasi akikuletea kazi, mdai chanzo pamoja na SVG kabla hujasaini kupokea. Akisema "mbona yote imo ndani ya hati", mwambie ndiyo sababu unadai.

Tuje kwenye .docx yenyewe. Kiwango chake, ISO/IEC 29500, kilipitishwa mwaka 2008 kikiwa na sura mbili: Strict, iliyo safi zaidi, na Transitional, iliyowekwa kwa ajili ya hati za zamani. Ukibofya kuhifadhi kwenye Word bila kuchagua kitu, unapata Transitional. Maandishi ya kwanza ya kiwango hicho, yaliyotolewa na shirika la viwango la Ecma mwaka 2006, zaidi ya kurasa 6,000, yalikuwa na mipangilio yenye majina kama lineWrapLikeWord6 na autoSpaceLikeWord95, inayomtaka mtengenezaji mwingine aige tabia ya programu ya zamani ambayo hakuelezwa vya kutosha inafanyaje kazi. Usikimbilie Strict kwa sababu hiyo tu, maana programu nyingi zimezoea Transitional na Strict zinaisoma kwa kubahatisha. Jaribu kwanza.

Wapenzi wa programu huria nao wasijisahau. LibreOffice kwa kawaida huhifadhi ODF iliyoongezewa, yaani yenye mambo ambayo bado hayamo kwenye kiwango. Nia ni njema, na ukizima mipangilio hiyo unaweza kupoteza baadhi ya mapambo, lakini jua kwamba unachokihifadhi kimevuka kidogo mpaka wa kiwango. Makro ndiyo kabisa: ODF haiweki lugha ya makro, kwa hiyo makro ya programu moja usitarajie ifanye kazi kwenye nyingine. Hesabu muhimu isikae kwenye makro peke yake. Iandike kwa maneno mahali fulani, hatua kwa hatua.

Malahajedwali yanataka jicho kali kuliko yote, kwa sababu yanadanganya kwa utulivu. ODF 1.0 na 1.1 hazikuwa zimeeleza lugha ya fomula. Ilikuja na ODF 1.2 mwaka 2011. Matokeo yake, Office 2007 ya Microsoft ilipoongezewa uwezo wa kusoma ODF mwaka 2009, ilifungua majedwali ya programu nyingine ikatupa fomula na kubakiza namba tu. Kwa macho huoni tofauti. Siku hizi mtego umebadilika sura. Fomula mpya kama XLOOKUP (ya kutafuta thamani kwenye jedwali) huandikwa ndani ya .xlsx kwa jina la _xlfn.XLOOKUP, na programu isiyoijua inaweza kukuonyesha jibu la mwisho lililohifadhiwa, kana kwamba kila kitu kiko sawa, mpaka jedwali lihesabiwe upya ndipo litoke kosa la #NAME?. Kwa hiyo ukijaribu jedwali kwenye programu nyingine, lilazimishe kuhesabu upya kila kitu (kwenye LibreOffice ni Ctrl+Shift+F9) na ulinganishe jumla. Kisha badilisha namba moja uone kama jumla inafuata.

PDF watu huiamini kuliko inavyostahili. Ni kiwango tangu ISO 32000-1 ya 2008, sawa, lakini kuna fomu za kujaza zilizotengenezwa kwa XFA, teknolojia ya Adobe iliyokaa ndani ya PDF. Ukizifungua kwenye programu nyingi unapata ukurasa mmoja unaokuomba usubiri, na utasubiri mpaka kesho. PDF 2.0 ya 2017 iliitangaza XFA kuwa ya kuachwa, ila fomu za zamani bado zinazunguka. Fomu ukiitengeneza, tumia sehemu za kujaza za kawaida za PDF. Nakala ya kutunza iwe PDF/A, aina ya PDF ya kuhifadhi kwa muda mrefu, ambayo hulazimisha fonti zipachikwe na hukataza nenosiri. Uingereza ilipochagua viwango vya serikali yake Julai 2014 ilitenganisha mambo hayo mawili: ODF kwa hati za kuhaririwa kwa pamoja, PDF/A au HTML kwa za kusomwa tu. Mpangilio huo unafaa hata kwa ofisi ya watu watatu.

Kwenye mkataba usiandike "fomati ya wazi" ukaishia hapo. Andika toleo, andika kwamba vitu vya programu nyingine visipachikwe, andika kwamba hati itafunguliwa na kuhaririwa kwenye programu mbili tofauti kabla ya malipo ya mwisho. Nasema kuhaririwa, kwa sababu kufungua na kutazama nilifanya mimi, na uliona yaliyonipata.

Na mengine madogo madogo: picha zilizounganishwa badala ya kuwekwa ndani, ambazo hupotea folda ikihamishwa, mabadiliko yaliyofuatiliwa ambayo hayajakubaliwa, maoni ya pembeni, saini za kidijitali zinazovunjika ukihifadhi upya, violezo vilivyorithiwa kwa mtu aliyeondoka na hakuna ajuaye kilichomo. Angalia pia hati ulizopokea kwa barua pepe, siyo zile ulizoandika wewe tu. Na mara moja kwa mwaka chukua faili la zamani kuliko yote, lipeleke kwenye kompyuta isiyo ya ofisi yako, bofya mara mbili kila mchoro.