Panga kwa ajili ya mwenye bando dogo: namna chuo kikuu kinavyoweza kufundisha kwa mbali wakati wa janga

Shirika la Afya Duniani lilipotangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba UVIKO-19 ni janga la dunia, vyuo vingi vilikuwa na siku chache tu za kuhamisha masomo kutoka kumbini hadi mtandaoni. Kosa lililojirudia lilikuwa kuchukua ratiba ya darasani kama ilivyo, kuitia kwenye vikao vya video na kuhesabu kazi imekwisha. Mwongozo huu ni wa wakuu wa idara, wahadhiri na ofisi za wanafunzi wanaotaka kujiandaa kabla mlipuko mwingine haujafunga milango. Kanuni yake ni moja: kila uamuzi upimwe kwa mwanafunzi mwenye simu moja, bando dogo na umeme wa kubahatisha. Kinachomfaa huyo kitamfaa na mwenye kompyuta mpya, lakini kinachomfaa mwenye kompyuta mpya mara nyingi humwacha huyo nje.

Wajue wanafunzi kabla ya kuchagua jukwaa

Usitume dodoso kwa fomu ya mtandaoni. Fomu ya mtandaoni hujibiwa na wenye mtandao, halafu matokeo yanakuambia kwamba kila mtu ana mtandao. Tuma SMS yenye maswali machache: una kifaa gani, na ni chako au unaazima? Mtandao unaupata wapi na saa ngapi? Uko wapi kwa sasa? Namba ya pili ya kukupata ni ipi? Wasiojibu ndani ya siku tatu wapigiwe simu, maana jibu la aliyekaa kimya ndilo unalolihitaji zaidi.

SMS moja hubeba herufi 160. Ukinakili maandishi kutoka Word yakaja na alama za nukuu zilizojikunja, au ukaweka emoji moja tu, kikomo hushuka hadi herufi 70, na ujumbe uliokuwa mmoja unaweza kulipiwa kama mitatu. Andika ujumbe moja kwa moja kwenye mfumo wa kutuma SMS, kwa alama za kawaida.

Kisha piga hesabu. Video ya megabiti 1 kwa sekunde hula MB 450 kwa saa. Mwanafunzi mwenye kozi tano, kila moja ikiwa na vipindi viwili vya saa moja kwa wiki, anahitaji GB 4.5 kila wiki kwa mihadhara tu. Sauti peke yake, ya mono (mkondo mmoja wa sauti), kwa kilobiti 32 kwa sekunde, hula MB 14.4 kwa saa; saa zile zile kumi ni MB 144. Ongeza slaidi za PDF kumi za MB 3 kila moja, na wiki nzima ya masomo bado haifiki MB 200, yaani pungufu ya nusu saa ya video. Hesabu hii iwekwe mezani siku kikao cha seneti kitakapoanza kubishana kuhusu kamera.

Chuo kikifanikiwa kukubaliana na kampuni za simu ili jukwaa la masomo lisitozwe data, kuna mtego. Kinachosamehewa kwa kawaida ni anwani ya jukwaa lenyewe. Mhadhiri akiweka kiungo cha YouTube ndani ya jukwaa hilo, mwanafunzi anabonyeza akidhani ni bure, na bando linaisha. Faili zikae kwenye seva iliyosamehewa. Kiungo chochote cha nje kiandikwe wazi: “hiki kinatoza data”.

Mhadhara wa sauti na slaidi

Kipindi cha dakika 50 kigawe vipande vinne au vitano vya dakika 10 hadi 15. Fupi si kwa sababu wanafunzi ni wavivu: mtandao ukikatika katikati ya faili kubwa, mara nyingi upakuaji huanza upya, na data iliyotumika haimrudii mtu.

Rekodi kwa simu, katika chumba chenye mapazia, kitanda au nguo nyingi. Chumba kitupu chenye sakafu ya vigae kinarudisha mwangwi, na mwangwi ukishabanwa kwenye faili ndogo maneno huchafuka. Weka simu umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili pumzi ya “p” na “b” isigonge kipaza sauti. Rekodi nusu dakika kwanza, kisha isikilize kwa spika ya simu ya kawaida, siyo kwa vipokea sauti vizuri vya ofisini.

Wakati wa kusema, taja namba ya slaidi kila unapohama: “Sasa twende slaidi ya 7, mchoro wa chini.” Acha kabisa maneno kama “kama mnavyoona hapa”. Hayamsaidii anayesikiliza kwa sauti tu, na hayamsaidii asiyeona.

Slaidi zigeuzwe PDF baada ya kupunguza picha; slaidi 20 zenye picha mbichi za kamera zinaweza kuzidi MB 50. Sura za vitabu zilizoskaniwa ni tatizo la aina nyingine: kwa kompyuta ule ukurasa ni picha, hauna maandishi. Jaribu kuchagua neno moja kwa kidole au kipanya. Likikataa kuchaguliwa, programu inayomsomea mwanafunzi asiyeona nayo haitaona kitu, na ukurasa unapaswa kupitishwa kwenye programu ya kutambua maandishi kabla ya kupakiwa. Kwa mwanafunzi kiziwi, kila faili ya sauti iambatane na maelezo yaliyoandikwa. Mhadhiri aliyesoma kutoka kwenye maandalizi yake anayo tayari.

Majina ya faili yafuate mtindo mmoja chuo kizima: kozi, wiki, sehemu. “BIO201_wiki03_sehemu2” inajieleza. “Mhadhara mpya final 2” haimsaidii mtu anayesoma baadaye masomo ya wiki tatu kwa mara moja.

Vikao vya moja kwa moja

Kimoja kwa wiki kwa kila kozi kinatosha, kwa maswali na mazoezi, siyo kwa mhadhara. Akaunti ya bure ya Zoom hukata kikao cha kundi kikifika dakika 40. Hata mwenye akaunti ya kulipia afuate kikomo hicho. Rekodi kikao, kipakie kama sauti siku hiyo hiyo, wala usitoe alama za mahudhurio. Ukizitoa unapima mtandao wa mtu.

Kiungo cha kikao kisibandikwe hadharani. Washa nywila na chumba cha kusubiria, na zuia washiriki kuonyesha skrini zao mpaka uwaruhusu. Wahuni walivamia madarasa mengi mwaka 2020 kwa sababu viungo viliachwa mitandaoni na kila mshiriki aliweza kuonyesha alichotaka.

Makundi ya WhatsApp ni mazuri kwa matangazo, lakini kila mwanachama huiona namba ya mwenzake. Asiyetaka kuingia awe na njia nyingine, na hakuna tangazo liishie kwenye kundi bila kuwekwa pia kwenye jukwaa. Maamuzi yaliyotolewa kwa ujumbe wa sauti saa za usiku ndiyo hayo hayo yanayoleta rufaa mwisho wa muhula.

Mitihani

Hapa ndipo vyuo huumia, na sehemu kubwa ya maumivu inazuilika.

Kwanza, saa. Ukiweka mwisho wa kukusanya “Ijumaa 00:00”, mfumo unaelewa usiku wa kuamkia Ijumaa. Nusu ya darasa inaelewa usiku wa Ijumaa yenyewe. Na ukiandika “saa 4”, wengine watasoma 4:00 na wengine 10:00. Andika kwa njia zote mbili: “Alhamisi, saa 11 jioni (17:00)”. Mwisho wa kukusanya uwe mchana wa siku ya kazi, mafundi wakiwa zamu.

Pili, ukubwa wa faili. Picha ya simu huwa na MB 3 hadi 5, hivyo majibu ya kurasa nane yanaweza kufika MB 40. Seva inayotumia PHP (lugha ya programu inayoendesha majukwaa mengi ya masomo), isipobadilishwa, hupokea faili isiyozidi MB 2. Nginx, programu ya seva inayopokea maombi ya wavuti, isipobadilishwa, hukataa chochote kinachozidi MB 1. Mhadhiri akiweka MB 50 kwenye kozi yake ndani ya Moodle, jukwaa la kufundishia mtandaoni, haisaidii kitu ikiwa seva chini yake imebanwa, kwa sababu kikomo kidogo kuliko vyote ndicho kinachoshinda. Fundi avipandishe vyote, kisha mtu apakie faili ya MB 40 kwa simu, akiwa nje ya chuo, wiki mbili kabla ya mtihani. Wanafunzi nao wafundishwe kuskani kwa simu, kwa rangi ya kijivu, kurasa zote ndani ya PDF moja, na wapewe zoezi la majaribio lisilo na alama.

Tatu, msongamano. Wanafunzi 800 wakibonyeza “anza” dakika moja, seva inalala. Mtihani unaochukua muda wa saa mbili uache wazi kwa muda wa saa nane; kila mmoja aanze anapopata umeme na utulivu. Kwa maswali ya insha na uchambuzi, toa saa 24 au 48. Jaribio la Moodle huhifadhi majibu lenyewe kila baada ya dakika moja hivi, mradi mtandao upo, na mhadhiri anaweza kumwongezea muda mwanafunzi mmoja bila kuwagusa wengine. Kanuni ya kukatikiwa itangazwe mapema: apige namba fulani au atume SMS ndani ya saa moja, na muda utaongezwa bila kudaiwa ushahidi. Kumtaka mtu athibitishe kwamba umeme ulikatika ni kumpotezea muda yeye na wewe.

Udanganyifu? Programu zinazomfuatilia mtahiniwa kwa kamera zinadai mtandao usiokatika na mwanga mzuri, na zinaingia chumbani kwa watu ambao hawakuomba wageni. Ni afadhali kubadili maswali. Yafanye ya kitabu wazi, yanayodai mtu aamue na kutetea uamuzi wake. Kwenye hesabu, mpe kila mmoja namba zake: “Tarakimu mbili za mwisho za namba yako ya usajili ni N. Uzito wa sampuli ni gramu 10 + N/10.” Mwenye 37 anapata gramu 13.7, mwenye 02 gramu 10.2. Msahihishaji anaandaa jedwali moja la majibu mia, na kunakiliana kunajianika kwenyewe.

Maabara na maktaba

Kwa maabara, wape wanafunzi data halisi za miaka iliyopita wachambue, na video fupi ya hatua za jaribio. Kushika vifaa kwa mikono kuahirishwe, kukusanywe katika wiki mbili au tatu za mfululizo chuo kikifunguliwa. Kozi za tiba na uuguzi zina saa za vitendo zinazodaiwa na mabaraza ya taaluma, hivyo waulizeni kwa barua mapema kabla ya kuahidi kuhitimu.

Maktaba ya kidijitali hugoma nyumbani kwa sababu wachapishaji wengi humtambua msomaji kwa anwani ya mtandao wa chuo. Msimamizi wa mifumo aweke lango la kuingilia kwa akaunti ya chuo, na mkutubi apime kama linafanya kazi kwa simu yenye data ya kawaida.

Kumtafuta mwanafunzi kabla hajapotea

Kila Jumatatu toa orodha ya ambao hawajaingia kwenye jukwaa kwa siku saba. Gawa namba ili mtu mmoja awe na wanafunzi 30. Simu za dakika kumi ni saa tano kwa wiki, kwa hiyo zihesabiwe kama kazi, siyo hisani. Anayepiga aanze na “Uko mahali unapoweza kuzungumza?” Jibu likiwa hapana, apange saa nyingine. Kisha: unakwamishwa na nini wiki hii? Nyumbani kuna mgonjwa? Unapata chakula? Aandike tu hatua inayofuata na nani ataichukua. Maelezo ya ugonjwa au ugomvi wa nyumbani yasiingie kwenye jedwali linalofunguliwa na idara nzima.

Mwaka wa kwanza wapigiwe kabla ya wengine, maana hawajapata hata mwenzao wa kumuuliza. Na wapo wengi, hasa wasichana, ambao wakionekana nyumbani huhesabiwa kwamba wako likizo. Barua yenye mhuri wa chuo kwa mzazi au mlezi, ikitaja siku na saa za masomo, hufanya kazi ambayo mwanafunzi mwenyewe hawezi kuifanya bila kuonekana mkaidi.

Mshauri nasaha anayehudumia kwa simu aulize mwanzoni mwa kila mazungumzo mwanafunzi yuko wapi hasa, na nani wa kupigiwa pakitokea hatari. Faili la usajili litamwonyesha bwenini, na bweni limefungwa.

Msaada wa data utumwe kwenye laini kila wiki, siyo mkupuo wa muhula, kwa kuwa ndani ya familia yenye shida bando la mwezi huisha siku chache. Kompyuta za kuazima ziandikwe namba zake pamoja na chaja; chaja ndiyo isiyorudi.

Kila kozi iwe na mhadhiri msaidizi mwenye ruhusa ya kuziona alama, kwa sababu wahadhiri nao huugua. Na mwanafunzi anayeandikiwa “haijakamilika” apewe siku hiyo hiyo karatasi inayosema ni kazi zipi zimebaki, nani atazisahihisha na mwisho ni tarehe ngapi. Nakala moja ibaki kwa msajili.